Pazia Lililorudi Fupi

Tangu niache mashini ya kushona, magoti yananishukuru lakini mdomo unalalamika. Umezoea kuwa na watu wa kuwasumbua toka asubuhi mpaka saa ya kula bukari, yaani ugali. Kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu, na ninyi mabinti mliobaki kwenye karakana yetu ya Kamalondo mtanisoma, mtake msitake. Habari za vyeo sitaandika. Cheo changu kilikuwa "Mama Ngoie, hii inapinda," na kuhusu mshahara, huo nao ulikuwa na tabia ya kujificha.

Nitaandika juu ya mapazia, au rido kama kila mtu wa Lubumbashi anavyosema. Hasa rido za makanisa, maana zilinifundisha mambo ya Mungu kuliko katekisimu. Katekisimu nilikariri tu, lakini rido nilizipima kwa mikono yangu.

Nilianzia kwenye majumba ya Golf, mtaa wa matajiri. Huko watu wanataka pazia zito ili jirani asione wanakula nini, halafu wanataka pazia jepesi ili jirani aone kwamba wana pazia zito. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya kitambaa na kunyamaza. Aliyenitoa huko ni Papa Mwilambwe, fundi mzee, Mkatoliki wa Moba, mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliyevaa futi yake ya kupimia kitambaa shingoni hata akienda kupokea komunyo. Siku yangu ya kwanza kwake alinipa kazi ndogo kama sketi ya mtoto: pazia la tabernakulo, lile sanduku ambamo Wakatoliki wanaweka Mwili wa Bwana.

"Papa," nikamuuliza, "hii sanduku iko na mulango, mulango iko na funguo. Tena tunaifunika na nguo juu ya nini?"

Hakuinua macho. "Kintu ya bule habaifunikake, mwana. Ukiona nguo iko pale, na taa inawaka pembeni, ujue Mwenyewe eko mu nyumba."

"Na kama minataka kumuona?"

"Shona kwanza."

Hayo ndiyo yalikuwa mafundisho yake yote, na nimeyatafuna mpaka leo. Kwaresima ikikaribia mwisho tulishona vitambaa vya zambarau vya kufunika misalaba na sanamu zote kanisani. Nikamuuliza mbona tunamficha Bwana majuma yale yale ambayo watu wanamhitaji zaidi. Akasema tumbo likifunga peke yake haitoshi, macho nayo yafunge, yapate njaa. Alinifundisha pia mambo ambayo nimewapigia kelele ninyi: kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, pindo la chini liachwe nene, kiganja kizima, na muuza kitambaa asiaminiwe hata kama ni shemeji yako.

Kisha wakaja Waorthodoksi. Padri wao, Anastase, mtu wa Kasenga mwenye ndevu mpaka kifuani, alitaka pazia jekundu, zito, la kuning'inia kwenye mlango wa katikati ya ule ukuta wao wa picha takatifu, maana nyuma ya mlango huo ndiko iliko altare. Alisisitiza sana juu ya pete za pazia. Zisipige kelele, alisema, kwa sababu katika ibada moja pazia linafunguliwa na kufungwa, linafunguliwa tena na kufungwa tena.

"Mupe," nikamuuliza, maana padri kwetu tunamwita mupe, "kumbe Mungu wenu anaingia na kutoka?"

Akacheka. "Yeye haondokake. Ni shiye njo tunatembea-tembea." Chai yangu ilikuwa inachemka kwenye mbabula, akanyoosha viganja juu ya makaa. "Unaona? Moto inanifikia. Ni moto ya kweli, haiko picha ya moto. Sasa weye tia mukono mu makala, ujue moto iko namna gani ndani yake."

"Sitaki."

"Basi, njo vile na Mungu. Mwana wake alivaa mwili, tukamuona, njo maana tunachora uso yake. Lakini vile Mungu eko ndani yake mwenyewe, hata bamalaika banafunika macho."

Akanywa chai yangu yote, akarudi juma lililofuata kuniambia kwamba pete zinalia. Nilizipaka mshumaa zikanyamaza.

Wamethodisti karibu watuue na njaa. Mchungaji wao, Pasta Kyungu, alinijia si kuagiza pazia bali kuniomba nimtolee la zamani ambalo watu wake hawakulitaka. Alichohitaji ni kitambaa kidogo cha mimbari na utepe wa kushika ukurasa.

"Mungu alisha kusema, mama. Tunafungua Kitabu, tunasikiliza, roho inapata moto. Utafunika nini tena?"

Nikamwambia basi anunue Kitabu kikubwa zaidi ili nami nishone kitambaa kikubwa zaidi. Pasta Kyungu huchekea utani kesho yake, na kweli kesho yake alinipigia simu akicheka. Kabla hajakata akaniambia jambo ambalo sikulitegemea kwa mchungaji: kwamba kuna siku unakifungua kile Kitabu na husikii kitu, na siku hiyo unasoma tu mpaka mwisho wa ukurasa.

Sasa nimfikie Mama Masika, maana ndiye ninayemzunguka tangu mwanzo. Mlimjua akiwa mzee kidogo. Mimi nilimjua akiwa na sauti yake yote. Ni Mnande wa Butembo, mwenye duka la vitambaa vya jumla, na katika maisha yake hajawahi kusema neno "labda". Yeye ni wa kanisa la uamsho, lile la kuimba mpaka mabati yanatikisika, na kila nilipokwenda kununua kitambaa alikuwa na la kunichokoza.

"Ninyi bakatoliki munafunika Mungu sawa mukate juu ya nzi," aliniambia. "Kwetu iko wazi. Unalomba leo, anajibu leo."

"Basi umulombe akujibu juu ya metre yako, Mama Masika. Kila siku iko fupi."

Mchungaji wake, Pasta Jérémie, kijana wa suti na imani ya kweli, alikuja naye siku moja kuagiza pazia la dhahabu la jukwaa. Alinieleza kwa moto kwamba Yesu alipokufa pazia la hekalu lilipasuka, kwa hiyo hakuna kilichofichika tena kati ya Mungu na mtu. Nikamuuliza: kama lilipasuka, mbona umekuja kuagiza jipya? Alifikiri kidogo akasema hilo ni la kuficha nyaya za jenereta. Nilimpenda tangu siku ile, kwa sababu hakudanganya.

Tulikaa hivyo miaka mingi, Masika na mimi, tukichokozana juu ya metre na juu ya Mungu, mpaka lori la mumewe lilipopinduka. Mumewe, Papa Kambale, alikuwa anatoka Kilwa yetu ya ziwani na samaki, na njia ya Kasomeno ikamshinda. Aliumia mgongo. Madaktari walisema polepole, kama wanavyosemaga, kwamba miguu haitarudi. Pasta Jérémie aliomba juu yake siku nzima na akatangaza mbele ya kanisa kwamba Kambale atatembea kabla mvua hazijakatika.

Mwaka ule mvua zikakatika mapema. Kambale alikuwa bado kitandani.

Ndipo waumini wenzao wakaanza kuja wodini na sauti za upole, wakiuliza kama nyumbani kwao hakuna dhambi iliyofichwa. Kambale alikuwa mtu mrefu kupita vitanda vyote vya hospitali, na blanketi lilikuwa fupi. Kila aliposikia wageni kwenye korido alilivuta mpaka juu ya kichwa kwa aibu, akabaki miguu nje. Mkewe alikuwa anaketi upande wa miguu, anashika kidole gumba, anasema, "Papa Kambale, minajua uko mule. Miguu yako inakusemea." Siku nyingine blanketi lilikuwa linacheka. Siku nyingine lilinyamaza, naye aliendelea kushika kidole.

Mwisho wa korido ile palikuwa na kapela. Hospitali sitaitaja, bado nina magoti ya kutibu. Kapela ilikuwa chumba kidogo chenye meza ya altare, na juu yake, ukutani, msalaba mkubwa wa mti uliochongwa na Bwana mwenyewe juu yake, miguu yake karibu iguse meza. Adhuhuri moja nilimkuta Masika humo peke yake, amekaa kwenye benchi la mbele, mikono mapajani. Mama wa uamsho, mbele ya sanamu. Nikaanza kutafuta utani wa kumpiga nao, lakini nilipoona uso wake nikaumeza.

"Mama Ngoie," akaniambia, "zamani nilikuwa minasema Mungu hajifichake. Sasa hata nimulombe, ni sawa kupiga simu ku muntu mwenye alisha kuizima. Ku kanisa yetu bananiuliza nilifanya nini. Hapa hakuna mwenye ananiuliza. Minaikala tu ku benchi."

"Unalomba hapa?"

"Hapana. Nilisha kuacha kulomba. Minaikala."

Nilimwogopea kuliko nilivyomwogopea mumewe. Kambale angeweza kuishi bila miguu. Yeye sikujua kama angeweza kuishi bila Mungu wake, na benchi lile ndilo lilikuwa limebaki kati yao.

Na benchi lenyewe lilikuwa hatarini. Makanisa manne yalisali humo kwa zamu, na yaligombana kama wake wenza. Watu wa uamsho hawakutaka kuomba mbele ya sanamu, wakageuza viti viangalie mlango. Wakatoliki walikuta viti vimegeuzwa, Wamethodisti walikuta ngoma juu ya altare. Siku moja watu wa uamsho waliufunika msalaba kwa shuka la wodi, lenye muhuri wa hospitali, na Wakatoliki walipoingia wakamkuta Bwana amefunikwa kama maiti. Kelele zilifika mpaka wodi ya wazazi. Madame Odile, mkuu wa wauguzi, mwanamke asiyependa mchezo, akawaita wote.

"Mupatane mbele ya Pasaka," akawaambia, "ao minatia magodoro mule ndani."

Wakaniita mimi kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amewahi kunilalamikia, kwa hiyo waliniamini. Nilisimama katikati ya kapela na futi ya Papa Mwilambwe shingoni, maana alipotangulia mbele ya Mungu aliniachia hiyo, nikawasikiliza. Padri wa Wakatoliki alikubali pazia mbele ya msalaba, mradi lifunguke wakati wa misa. Padri Anastase alisema pazia ni jambo jema, ila sanamu ya kuchonga si desturi yake, kwa hiyo yeye ataleta picha zake na kuziegemeza mezani. Pasta Kyungu alisema afunguliwe au afunikwe, yeye atasoma. Pasta Jérémie alisema lifunike kila kitu, toka juu mpaka chini, watu wake wasione hata ukucha. Wakabishana juu ya rangi mpaka nikachagua ile ambayo hakuna kanisa linaitumia, rangi ya maziwa yenye chai kidogo.

Kitambaa alikitoa Mama Masika, sadaka yake. Nilitaka kukifua kwanza. Akanitolea macho.

"Unanifua miye? Ile kitambaa haipunguake, hata uichemshe na majani ya sombe."

Lilikuwa jambo la kwanza nililomsikia akilisema kwa uhakika tangu mvua zikatike. Sikuwa na moyo wa kulitumbukiza kwenye beseni mbele yake. Nikakata kikavu, lakini nikaacha pindo nene la kiganja kizima, na Papa Mwilambwe akapumzika kwa amani. Tukalitundika. Likifungwa, lilifika mezani kabisa, na huoni ukucha. Watu wakapeana mikono, Madame Odile akasema tutaona.

Juma la mateso likafika. Mfuaji wa hospitali, mtu mwenye nia njema, aliona Pasaka inakuja na rido ya kapela ina vumbi. Akaitoa, akaitupa kwenye sufuria kubwa ya chuma pamoja na mashuka ya wodi ya upasuaji, akaichemsha kwa moto na dawa zote zinazoua kila kiumbe. Asubuhi ya Ijumaa Kuu akairudisha imepigwa pasi, amefurahi. Simu ya Madame Odile ilinikuta nikinywa chai.

"Kuja na makashi yako," akasema. "Na haraka."

Nilipoingia wote walikuwapo, maana walikuwa wamekuja kupanga saa za Pasaka. Pazia lilikuwa limefungwa. Lilikuwa limepanda karibu kiganja kizima, na chini yake, juu ya meza, miguu ya Bwana ilikuwa nje. Miguu tu, iliyopishana, na msumari wake. Uso, mikono, mbavu, vyote ndani.

"Kumbe haipunguake," nikasema, nikimtafuta Masika kwa macho. Alikuwa pale pale mbele, kwenye benchi lake, ametoka wodini.

Wachungaji ndio walioanza. Padri wa Wakatoliki aliona ni sawa tu. "Leo ni Ijumaa Kuu," alisema, "na ni miguu njo tunabusuaka." Padri Anastase alijivuta ndevu akasema kwamba kwa kalenda yake Ijumaa Kuu bado haijafika, kwa hiyo yeye anaweza kungojea. Pasta Kyungu akasema Musa aliomba kuona uso wa Mungu akapewa mgongo, sisi tumepewa miguu, tusilalamike. Sikuamini masikio yangu, nilidhani amefanya utani siku hiyo hiyo.

Pasta Jérémie peke yake hakukubali. "Nusu-nusu haiko muzuri," akasema. "Ao afunuliwe wote, ao afunikwe wote. Mama Ngoie, uko na kitambaa ya kushusha?"

"Niko nayo. Pindo iko nene."

"Ishushe."

Madame Odile aliangalia saa yake akasema wakiondoka bila kupatana, magodoro yako tayari kwenye korido. Nilikuwa nimekwisha kupiga magoti mezani, makasi mkononi, nimeshika uzi wa kwanza wa pindo, Masika aliposimama.

Alikuja polepole. Aliangalia ile miguu kama anavyoangalia kitambaa kipya, akiinamisha kichwa. Kisha yeye, mama wa uamsho, mbele ya mchungaji wake, akanyoosha mkono akashika kidole gumba cha mti.

"Na weye?" akasema, kwa sauti ile ile ya wodini. "Na weye unafunika uso? Uko na haya ya nini, Baba? Mvua ilikatika, minajua. Sitakuuliza tena juu ya mvua." Akakishika zaidi kile kidole. "Funika tu. Minajua uko mule. Niko hapa chini."

Hapo akaanza kulia, na katikati ya kulia akaanza kuomba, kwanza Kiswahili, halafu Kinande, maneno yakitoka kama maji ya bomba lililokatwa siku nyingi. Hakumwomba miguu ya mumewe. Nilichoelewa ni kwamba alikuwa anampa Mungu habari za nyumbani, za duka, za Kambale asiyetaka uji, kama mtu anayemsimulia msafiri yaliyopita alipokuwa mbali. Mimi nililia wazi, sina aibu ya kusema. Padri Anastase alilia ndani ya ndevu.

Nilimwangalia Pasta Jérémie. Nilidhani atamshika mkono amtoe pale. Alikuwa amesimama na kitabu chake kifuani, uso wake mdogo kuliko siku zote. Kisha akapiga magoti karibu naye, suti na yote, juu ya sakafu ile ya simenti.

"Mama Ngoie," akaniambia bila kugeuka, "iache."

Nikarudisha makasi ndani ya mfuko. Madame Odile akatoka nje, nikamsikia akiwaambia wahudumu warudishe magodoro stoo.

Kambale hakutembea. Nawaambia ili msije mkasikia vingine sokoni. Alirudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu, na sasa anakaa mlangoni mwa duka, uso wazi, na mkewe akimwambia mteja kwamba kitambaa hakipungui, yeye anasema, "Ufue mbele ya kukata." Pasta Jérémie bado anahubiri kwa sauti ya jenereta, lakini hampangii tena Mungu tarehe. Masika ananichokoza kama zamani kwamba tunafunika Mungu. Siku hizi nikimuuliza kama kwao bado iko wazi, anasema iko wazi kidogo, upande wa chini.

Siku moja hospitali itawaletea pazia lile. Kutakuwa na mkuu mpya wa wauguzi, mtu nadhifu, atasema limepungua, linatia aibu, lirefushwe. Mtapindua pindo mtakuta niliacha kiganja kizima cha kitambaa safi, cha kutosha kufika mezani. Ninawajua, mtafurahi, maana ni kazi rahisi. Lipigeni pasi, mpake mshumaa kwenye pete, mlirudishe fupi.